Swali la Bungeni Linaanzia Bomani



Miaka michache iliyopita, masika yakiwa yanaisha, nilikuwa nimeketi chini ya mgunga na wazee wanne. Tulikuwa tumemaliza kuchanja mbuzi dhidi ya sotoka, tunasubiri chai. Redio ya mzee mmoja ilikuwa inarusha kipindi cha maswali na majibu kutoka Bungeni Dodoma. Mara tukasikia jina la jimbo letu. Mbunge wetu alikuwa ameuliza ni lini Serikali itajenga majosho katika kata yetu ili kupunguza vifo vya ndama. Tukanyamaza wote. Naibu Waziri akasimama, akajibu kwamba kata hiyo ina majosho mawili, na kwamba Serikali inawahimiza wafugaji wayatumie.

Wazee wakanigeukia mimi.

Majosho mawili tunayo, hilo ni kweli. La kwanza lilikuwa na ufa sakafuni. Ukilijaza asubuhi, jioni unakuta tope. La pili ni zima, ila bomba lililokuwa linaleta maji lilisombwa na mafuriko na halikurudishwa. Watoto wa shule walikuwa wanachezea ndani yake.

Mzee mmoja akaniuliza, "Dokta, huyu mheshimiwa ametudanganya?"

Nilitamani kujibu ndiyo, yaishe. Lakini ile hesabu ya majosho mawili niliiandika mimi. Miezi kadhaa kabla ya siku ile nilijaza fomu iliyokuwa na safu inayosema "idadi ya majosho", nikaandika 2, nikaendelea na safu inayofuata. Haikuwapo safu ya kuuliza kama yanaogesha, na mimi sikuongeza neno. Nilikuwa na fomu nyingine tano za kumaliza siku hiyo.

Masika ileile mama mmoja wa kitongoji cha jirani alipoteza ndama saba kati ya kumi na mmoja kwa ndigana kali, ambayo wengine mnaiita oltikana. Nilipoitwa, wa saba alikuwa tayari anatoa povu puani, tezi za chini ya masikio zimevimba kama limau, na dawa haikumsaidia tena. Ndama wale saba hawakuingia kwenye taarifa yoyote. Wale sita wa kwanza hakuniambia, na mimi yule wa saba sikumwandika. Kwa hiyo Naibu Waziri aliposimama Dodoma, mkononi alikuwa na majosho mawili na ndama sifuri waliokufa.

Kipeperushi hiki kinaeleza jinsi swali la mfugaji linavyofika Bungeni, jibu linavyotengenezwa, na mnachoweza kufanya ninyi ili jibu lifanane na hali ya kijijini kwenu.

SWALI LA BUNGENI NI KITU GANI

Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 63, inalipa Bunge madaraka ya kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Swali si ombi la hisani. Mbunge akiuliza kwa kufuata kanuni, Waziri au Naibu wake anawajibika kusimama na kujibu, na maneno yake yanaandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge, ile inayoitwa Hansard.

Swali linaloandikwa na kupelekwa mapema huitwa swali la msingi. Huwa fupi. Husomwa asubuhi, mwanzoni mwa kikao, baada ya dua. Waziri akishajibu, mbunge aliyeuliza anaweza kusimama tena kuuliza maswali ya nyongeza, kwa kawaida mawili, na Spika akiruhusu, wabunge wengine nao huongeza yao. Hayo ya nyongeza hayaandikwi kabla. Hapo ndipo mbunge anayejua hali halisi anapotofautiana na asiyeijua. Mbunge wetu siku ile angekuwa na karatasi inayosema "josho moja lina ufa, jingine halina maji", angeisoma palepale. Hakuwa nayo, maana hakuna aliyempa.

Siku za Alhamisi kuna maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Hayo ni ya mambo ya sera kwa nchi nzima. Josho la kijiji chenu halina nafasi pale, ila sera ya majosho kwa ujumla inayo.

Jambo moja linalowasumbua wengi: shauri likiwa mahakamani, mbunge haruhusiwi kuliulizia. Kama kijiji kina kesi ya mpaka na hifadhi au na shamba la mwekezaji, msimlaumu mbunge kwamba ameogopa. Kanuni ndiyo inayomfunga.

Na si lazima aulize mbunge wa jimbo peke yake. Mbunge wa viti maalumu ana haki ileile. Akina mama wa mabomani, ambao ndio wanaokamua na kulea ndama, mara nyingi wanafika kwa mbunge wa viti maalumu kwa urahisi zaidi kuliko wazee wanavyofika kwa mbunge wa jimbo. Nimeliona hili mwenyewe.

JIBU LINATOKA WAPI

Wengi wanadhani Waziri anajua kila kijiji, au kwamba anabuni jibu. Swali likishapokelewa Bungeni, hupelekwa wizarani. Wizara inauliza mkoani na katika halmashauri. Halmashauri inamuuliza Afisa Mifugo wa Wilaya. Yeye ananipigia simu mimi au anafungua taarifa nilizowahi kumpelekea. Mimi nafungua daftari langu. Halafu njia hiyohiyo hupandwa kurudi juu, kila ofisi ikifupisha kidogo, mpaka yabaki maneno manne au matano yatakayosomwa na Waziri.

Kwa hiyo daftari la Afisa Mifugo wa Kata lina uzito kuliko linavyoonekana. Na daftari hilo linajazwa na maneno yenu.

Hapa naomba tuongee bila kufichana. Wengi wenu hamniambii idadi ya kweli ya ng'ombe. Najua sababu. Kuna mila: ng'ombe hahesabiwi kwa kidole, kuhesabu ni kukaribisha balaa. Kuna hofu ya ushuru. Kuna hofu kubwa zaidi, ya kuambiwa mifugo imezidi, punguzeni au hameni. Hofu hizo siziiti ujinga. Zina historia, na wazee wengine wanaosoma hiki wamewahi kuhamishwa na mifugo yao. Lakini tazameni hesabu hii.

Tuchukue kijiji chenye ng'ombe 4,000, lakini kwenye daftari wapo 900. Ng'ombe mkubwa wa asili wakati wa kiangazi anahitaji kiasi cha lita 25 za maji kwa siku, na akitembea mbali kwenye jua kali anahitaji zaidi. Ng'ombe 4,000 kwa lita 25 ni lita 100,000 kila siku. Kiangazi cha siku 150 kinahitaji lita milioni 15, yaani mita za ujazo 15,000, bado hujahesabu mbuzi, kondoo na punda, wala maji yanayonywewa na jua na ardhi.

Mhandisi aliyepewa ng'ombe 900 atapiga hesabu yake vizuri kabisa na kupata mita za ujazo 3,375. Atachora lambo la kiasi hicho. Waziri atasimama Bungeni na kusema lambo limejengwa, na atakuwa amesema kweli. Kisha ng'ombe 4,000 watashuka kunywa, na lambo lililopangiwa miezi mitano litakwisha kabla ya siku ya 35. Mkirudi kuuliza, jibu litakuwa kwamba kijiji kilishapatiwa lambo.

Ninachohitaji kwa ajili ya swali ni jumla ya kijiji. Jina la mwenye boma haliendi Dodoma. Mkitaka, mwenyekiti wa kitongoji akusanye hesabu kwa kokoto kwenye kibuyu, kila boma liweke zake, mimi nihesabu kokoto. Kitongoji kimoja tulifanya hivyo na hakuna aliyejua kokoto ipi ni ya nani.

Vifo navyo viwekwe. Ndama akifa, niambieni tarehe, umri, dalili mlizoziona, na kama alikuwa ameogeshwa wiki ile. Kupe wa kahawia anayekaa masikioni ndiye anayeeneza ndigana kali, na mahali penye kupe wengi mfugo unahitaji kuogeshwa kila wiki. Nikiwa na orodha ya ndama waliokufa miezi mitatu mfululizo katika kata isiyo na josho linalofanya kazi, hiyo orodha inaongea yenyewe. Nikiwa na simulizi tu kwamba "wamekufa wengi", haitapita hata ofisi ya wilaya.

WAZIRI YUPI AULIZWE

Swali likienda kwa wizara isiyohusika, hupotea. Majosho, chanjo, malambo ya mifugo, minada na ranchi za Taifa ni mambo ya Wizara ya Mifugo na Uvuvi. Maji ya bomba ya kijiji yako Wizara ya Maji kupitia RUWASA, wakala ulioundwa kwa Sheria ya Huduma za Maji ya mwaka 2019. Matumizi ya mto, kibali cha kuchimba kisima au kuchepusha maji, hayo yako kwenye ofisi ya bonde. Nchi yetu ina mabonde tisa ya maji. Wanyama wanaotoka hifadhini na ng'ombe wanaokamatwa hifadhini ni Wizara ya Maliasili na Utalii. Mpango wa matumizi ya ardhi, ambao ndio unaotenga eneo la malisho, uko upande wa Ardhi, ingawa uamuzi wa kwanza kabisa ni wa mkutano mkuu wa kijiji.

Shida ni kwamba ng'ombe hajui mipaka ya wizara. Anakula nyasi za ardhi ya kijiji, anakunywa maji ya bonde, anapita kando ya shamba, anakaribia hifadhi, yote kwa siku moja. Serikali yenyewe imelikubali hilo. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alipotaka suluhu ya vijiji vilivyokuwa na mgogoro na maeneo ya hifadhi, iliundwa kamati ya mawaziri wanane: wa ardhi, maliasili, mifugo, kilimo, maji, mazingira, TAMISEMI na ulinzi. Mawaziri wanane kwa jambo ambalo bomani tunaliita kwa neno moja tu, malisho.

Josho letu la pili ni mfano mdogo wa jambo hilohilo. Ukimuuliza Waziri wa Mifugo, josho lipo na ni zima. Ukimuuliza Waziri wa Maji, bomba la kijiji linatosheleza watu. Kila mmoja amejibu sahihi kwa upande wake na ng'ombe bado wana kupe. Swali la namna hii liandikwe likitaja vitu vyote viwili kwa pamoja, liende kwa wizara yenye josho, na mbunge abakize la nyongeza kuhusu bomba.

Mfano mwingine ni ule wa mita 60. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Wafugaji wengi wanataka mbunge aulize sheria hiyo itafutwa lini. Binafsi sikubaliani nao. Kwato zinazoshuka moja kwa moja kwenye lambo ndizo zinazobomoa kingo na kujaza tope, na lambo lililojaa tope ni lenu, si la Serikali. Swali lenye faida ni hili: je, Serikali ina mpango gani wa kujenga mbauti za kunyweshea nje ya mita 60 na kuvuta maji mpaka hapo, katika vijiji ambavyo mto ndio chanzo pekee? Swali hilo Waziri hawezi kulijibu kwa kusoma sheria. Anatakiwa aseme mbauti ngapi, wapi na lini.

NAMNA YA KULIANDAA

Anzieni mkutano mkuu wa kijiji. Jambo lijadiliwe, liingie kwenye muhtasari, muhtasari usainiwe na kupigwa mhuri. Nakala moja apewe diwani. Msimruke diwani, kwa sababu mambo mengi ya josho na lambo yamo ndani ya uwezo wa halmashauri, na diwani anaweza kuyasimamisha kwenye baraza la madiwani, karibu na nyumbani, bila safari ya Dodoma. Mkimruka, jibu la Waziri litakuwa "halmashauri iweke kwenye bajeti yake", na mtarudi mlikotoka mkiwa mmepoteza mwaka.

Yakishindikana huko, nakala ya muhtasari iende ofisi ya mbunge pamoja na barua ya ukurasa mmoja. Barua ya kurasa tano haisomwi.

Barua moja niliyowahi kuonyeshwa, na wenyewe waliniruhusu niitumie kama somo, iliandikwa hivi: "Tunaomba Mheshimiwa utusaidie kuhusu kero ya maji ya mifugo ambayo ni ya muda mrefu na wafugaji tunateseka sana." Kila neno ni kweli. Lakini Waziri akiulizwa hivyo, atajibu kwamba Serikali inatambua umuhimu wa maji kwa mifugo na inaendelea kulifanyia kazi, na atakaa.

Tulikaa nao tukaiandika upya. Tukataja jina la lambo, mwaka lilipochimbwa, mwaka lilipojaa tope, idadi ya ng'ombe wanaolitegemea, umbali wanaotembea sasa kwenda kwenye maji mengine, na mwezi maji yanapokwisha. Mwisho tukauliza mambo mawili tu: lini tope litaondolewa, na kama kazi hiyo imo kwenye bajeti ya mwaka huu wa fedha. Ni mistari saba. Mzee aliyekuwa akiisikiliza alisema, "Sasa hii ina meno."

KUSIKILIZA JIBU

Bunge letu linaongea Kiswahili, na hiyo ni bahati. Lakini Kiswahili cha majibu ya Serikali kina vyumba vingi, na ni vizuri kujua mmekaribishwa chumba kipi.

"Serikali inatambua" maana yake wamesikia. Hakuna kingine ndani yake.

"Kadiri fedha zitakavyopatikana" ni la kuangaliwa sana. Halina mwaka wala kiasi. Nimeona wafugaji wakishangilia jibu lenye maneno haya, wakarudi nyumbani na kuacha kufuatilia. Mbunge akilisikia, swali lake la nyongeza linatakiwa liwe moja: je, fedha hizo zimeombwa kwenye bajeti ipi?

"Upembuzi yakinifu unaendelea" au "usanifu umekamilika" ni hatua ya kweli. Wataalamu wamefika au watafika kupima. Hapo ndipo mjitokeze kuwaonyesha mahali, na hapo ndipo ile hesabu ya ng'ombe 4,000 au 900 inapoamua ukubwa wa lambo. Mhandisi akishaondoka na namba, kuibadili ni kazi kubwa.

"Imetenga" ni zuri zaidi, hasa likifuatwa na kiasi cha fedha na mwaka wa fedha. Andikeni vyote viwili. Lakini fedha kutengwa si fedha kufika. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Ikifika Januari hamjaona mtu wala mashine, ni wakati wa kumkumbusha diwani na mbunge, kabla mwaka haujaisha na fedha haijarudi.

"Mkandarasi yuko eneo la kazi" mnaweza kulithibitisha wenyewe kwa macho. Kama hayupo, piga picha kwa simu, andika tarehe, mpelekee mbunge siku hiyohiyo.

Na kama jibu linataja kitu ambacho hakipo, au kipo lakini hakifanyi kazi, msiishie kulalamika chini ya mti kama sisi siku ile. Kijana anayejua kutumia intaneti anaweza kuingia tovuti ya Bunge akatafuta Hansard ya siku hiyo. Achapishe ukurasa, au aandike kwa mkono jibu lilivyo, na pembeni mwandike hali halisi. Karatasi hiyo, ikiwa na mhuri wa kijiji, mbunge anaweza kuanza nayo swali jipya.

SWALI LIKISHINDWA

Swali ni chombo chepesi. Vipo vizito. Katika Bunge la bajeti, mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi, yaani kuleta hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara wa Waziri mpaka apate maelezo. Shilingi moja haimfukarishi Waziri, lakini bajeti yake inasimama hapo mpaka ajieleze mbele ya nchi nzima.

Juu zaidi kuna kamati. Wafugaji wengi wanakumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanzishwa kuwasaka majangili wa tembo. Malalamiko yakawa mengi: watu kuteswa, mifugo kuuawa na kutaifishwa. Wabunge wakayasimamisha Bungeni, operesheni ikasitishwa, na Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira ikapewa kazi ya kuchunguza. Taarifa yake iliposomwa Desemba 2013, mawaziri wanne waliondoka madarakani, akiwamo aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Kamati ile ilihitaji watu wa kueleza kilichotokea, lini, wapi na ng'ombe wangapi. Waliokuwa na kumbukumbu walisikika vizuri kuliko waliokuwa na uchungu peke yake.

MAJIRA YAKE

Kwa kawaida Bunge hukutana mara nne kwa mwaka: mwanzoni mwa mwaka, kuanzia Aprili hadi Juni kwa bajeti, kisha Agosti au Septemba, na Novemba. Bajeti ya Juni huanza kupikwa mapema, vijiji na halmashauri vikipanga miezi ya mwisho ya mwaka unaotangulia. Wafugaji wengi huanza kulia maji mwezi wa Septemba, ng'ombe wakiwa wamekonda, na mvua ikinyesha Desemba wanasahau. Ndiyo maana maji ya mifugo hayaonekani kwenye mipango. Muhtasari wenu uwe mezani Oktoba, kiu ikiwa bado inasikika. Swali la mbunge litakaloulizwa Novemba au Januari ndilo linaloweza kuisukuma bajeti kabla haijafungwa. Likiulizwa Juni mwishoni, linasubiri mwaka mwingine.

Kuhusu majosho yetu: baada ya siku ile ya redio nilirudi kwa Afisa Mifugo wa Wilaya na kurekebisha taarifa yangu kwa maandishi. Niliandika majosho 2, yanayoogesha 0, na sababu ya kila moja. Haikuwa barua rahisi kuiandika. Kijiji kikaitisha mkutano, mama aliyepoteza ndama saba akasimama na kuwataja mmoja mmoja kwa rangi zao, na mtendaji akaandika. Mwaka uliofuata mbunge aliuliza tena, safari hii kuhusu ufa na bomba. Ufa umezibwa, na josho la kwanza linaogesha kila Jumanne. Dawa huwekwa na kupimwa na kamati ya josho. Bomba la josho la pili bado. Jibu la mwisho tulilopata lilikuwa na yale maneno ya "kadiri fedha zitakavyopatikana", na mbunge ameombwa aulize bajeti ipi.

Wiki mbili za mwisho za Septemba nitapita vitongoji vyote nikiwa na daftari jipya. Kila boma liniwekee tayari mambo matano: idadi ya ng'ombe, ya mbuzi na kondoo, ndama waliokufa tangu masika na dalili zao, mahali mnaponyweshea sasa, na saa za kutembea kufika hapo. Akina mama na vijana wachungaji wawepo, maana wao ndio wanaojua ndama na njia. Asiyetaka kutaja idadi yake mbele ya watu alete kokoto.